Takwimu za kweli, ila si za dripu yao

Group letu la ukoo limechafuka wiki hizi. Mtu mmoja karusha video, mwanamme kavaa koti jeupe, nyuma yake mafriji ya maabara yanawaka taa za buluu, anazungumza Kiingereza na chini kuna maandishi ya Kiswahili kile cha mashine, anasema maradhi ya kinga kujishambulia yaliyokwishaingia mapafuni sasa yana dawa, dripu ya stemu seli (seli mama, zile zinazoweza kuzaa seli nyengine), unaingia asubuhi unatoka jioni, hupasuliwi, huumwi, na utafiti mkubwa wa Marekani umeonesha wagonjwa karibu 8 katika 10 wanafika miaka minne na nusu wakiwa hai na mapafu yao hayajafeli. Kabla ya adhuhuri ami keshaandika kuwa shamba lake la Mtambwe lipo, mikarafuu inazaa, akipatikana mnunuzi liuzwe shangazi apelekwe. Watu wakaanza kumwaga "amin" na vimkono vya dua.

Mie naandika hapa kwa sababu kule huwezi, ukishaandika aya mbili mtu anakurushia stika ya asante kwa elimu na mambo yanaendelea kama hujasema kitu. Tena mie ni mtu wa maabara ya damu, si daktari, lakini hizi habari za seli ndo mkate wangu wa kila siku, na ile 8 katika 10 niliijua pale pale nilipoiona. Si ya uongo. Imechapishwa. Ila si yao.

Kwanza shangazi, kwa wasiomjua. Anauza malai na juisi nyumbani kwake Chake Chake, Pemba, maeneo ya Machomanne, watoto wa skuli wote wanamjua. Kilichomuanza ni vidole. Alikuwa akifungua friza akatafuta malai za ukwaju chini kule, akitoa mkono vidole viwili vitatu vimekuwa vyeupe pee, mpaka kwenye pingili ya kati, na hapo weupe unapoishia kuna mstari utadhani mtu kachora kwa rula. Baadae vinageuka buluu, kisha vinakuwa vyekundu na vinawaka moto, yeye anautia mkono kwapani ndani ya kanga anaendelea kutoa chenji kwa mkono wa kushoto huku anaomba radhi kwa watoto kuwapa pesa kwa kushoto. Sote tulikuwa tunaona na hakuna aliesema kitu, maana baridi ya friza nani hajaiona. Wengine wakasema hasad, kuna jirani nae anauza malai. Akaandikiwa kombe, maji ya kuoshea maandishi ya aya za Qur'ani, akanywa, na mie kombe silidharau, lilimtuliza moyo, lakini vidole viliendelea.

Kisha ngozi ikaanza kukaza. Ngumi haifungi. Pete ya ndoa ikakataa kutoka mpaka ikakatwa kwa sonara. Mdomo nao ukapungua, kula embe ya kung'ata ikawa shida, anaikata vipande vidogo vidogo anatia kwa kijiko. Halafu ndo kikohozi, kikavu, hakina makohozi, na pumzi inakata akipanda kile kilima cha kutokea sokoni.

Sasa huku kwetu kikohozi kisichokwisha na mtu anakonda, cha kwanza ni TB, na haki yao, TB ipo. Akapimwa makohozi, hakuna kitu. Akapimwa tena kwengine, hakuna kitu. Spitali moja sitaitaja wakawa wanampa antibayotiki, hii ikiisha hii, na kila akirudi wanaanza upya utadhani hajawahi kufika. Muda ukaenda, na muda huo ntaurudia mbele kwa sababu ndo unaoniuma zaidi kuliko hiyo video. Aliekuja kufungua macho ni daktari mmoja kijana wa kike, ambae badala ya kuanza na kifua alianza na mikono. Akaishika, akaibonyeza, akamwambia hebu funga ngumi bibi, kisha ndo akaweka kipimo mgongoni chini kabisa kwenye mbavu akasikiliza muda mrefu. Akaandika barua ya Dar siku ile ile.

Dar wakafanya siti skani ya mapafu ile ya vipande vyembamba, na damu ikapimwa kingamwili inayoitwa Scl-70, ikatoka chanya. Jina la maradhi skleroderma, na yameshaingia mapafuni.

Skleroderma ni kinga ya mwili kugeuka kuwapiga wenyewe. Inaanza na mishipa midogo ya damu, ndo maana ya vidole kuwa vyeupe kwenye baridi, kisha mwili unajibu kwa kujenga makovu pale pasipokuwa na kidonda, ngozi inakuwa nene na ngumu, na kwa wengine makovu hayo hayo yanajengwa mapafuni. Ule ukuta mwembamba ambao hewa inapita kuingia kwenye damu unaanza kunenepa, mtu anavuta pumzi vizuri tu lakini oksijeni haivuki. Zamani figo ndo zilikuwa zikiwaua wagonjwa hawa, zilipopatiwa dawa mapafu yakashika nafasi ya kwanza, na mpaka leo ndo yanayoua zaidi. Na kovu likishakuwa kovu halirudi kuwa nyama laini, hili naomba mlishike kwa sababu ile video yote imesimama juu ya kutokulijua.

Turudi kwenye 8 katika 10.

Inatoka kwenye utafiti unaoitwa SCOT, wa Marekani, uliochapishwa Januari 2018. Watu 75 wenye skleroderma kali iliyoingia mapafuni au kwenye figo, wakagawiwa kwa kura, 36 wapandikizwe stemu seli za damu na 39 wapewe saiklofosfamaidi, dawa ya kushusha kinga, kwenye mshipa kila mwezi kwa mwaka mzima, ambayo ndo ilikuwa dawa kali ya wakati ule. Baada ya miezi 54, yaani hiyo miaka minne na nusu ya kwenye video, waliopandikizwa asilimia 79 walikuwa hai na moyo, mapafu na figo hazijafeli, wenzao asilimia 50. Matokeo makubwa wallahi, mie nikiyasoma nafurahi kila mara.

Lakini walifanywa nini hao waliopandikizwa? Kwanza walipigwa sindano za kuuchochea uloto, ule wa ndani ya mifupa, utoe stemu seli nyingi ziingie kwenye damu. Damu ikapitishwa kwenye mashine, seli zikachujwa, zikasafishwa, zikagandishwa. Kisha wakapigwa mionzi mwili mzima, mapafu na figo zimewekewa ngao, wakapewa saiklofosfamaidi ya dozi kubwa, na juu yake seramu inayotengenezwa kwa damu ya farasi ya kuua zile seli za kinga. Kinga yote inazimwa, mtu anabaki hana ulinzi, nywele zinatoka, kidudu kidogo tu cha ngozini kinaweza kumuua, yuko chumba cha peke yake watu wanaingia na barakoa. Hapo ndo stemu seli zake mwenyewe zinayeyushwa anarudishiwa, zianze kujenga damu na kinga upya, na matumaini ni kuwa hiyo mpya haitakuwa na ule ugomvi. Ni kama kufomati simu iliyoingia virusi, na ile dripu ya mwisho ya seli ni kuiwasha tu simu, kazi yenyewe ishafanywa na kule kufuta.

Kwa hivo mtu asije akafikiri zile stemu seli zinakwenda mapafuni kushona. Haziendi kushona. Zinajenga damu. Mapafu yanapumzishwa kupigwa, na kile ambacho hakijawa kovu kinapata nafasi. Wengine pumzi zao zilipanda kidogo, wengi faida yao ni kuwa hawakushuka.

Na bei ya kufomati ipo. Ulaya walifanya utafiti wao mkubwa zaidi, ASTIS, watu 156, ukatoka 2014. Katika 79 waliowekwa upande wa kupandikizwa, 8 walikufa mwaka wa kwanza kwa sababu ya matibabu yenyewe, si ugonjwa. Mwaka ule wa kwanza upande wa upandikizaji ulikuwa na misiba mingi kuliko upande wa dawa, ni baadae ndo hesabu ikageuka na waliovuka wakawa wanaishi muda mrefu kuliko wenzao. SCOT vifo vya matibabu vilikuwa vichache, asilimia 3 kwenye miezi 54 na 6 kwenye miezi 72, lakini vilikuwepo. Daktari anaekwambia kweli anakuweka kitako wewe na watu wako anakwambia hilo kabla hujasaini. Yule wa koti jeupe anasema unaingia asubuhi unatoka jioni. Basi mwenye akili ajiulize, mionzi mwili mzima ya kutoka jioni ni mionzi gani hiyo.

Dripu wanayouza wao ni kitu chengine kabisa. Ni seli zinazoitwa mesenkaima, zinatolewa kwenye mafuta ya tumbo, au kwenye kitovu cha mtoto aliezaliwa, au kwenye uloto, zinakuzwa maabara (na wengine hata hawazikuzi, wanachuja mafuta wanakurudishia hapo hapo) kisha unatiwa kwenye mshipa wa mkono. Hazifuti kinga. Hakuna dawa kali, hakuna mionzi. Ndo maana hazina ile hatari ya ASTIS, na ndo maana pia hazina haki ya kuzichukua takwimu za SCOT. Wameyaweka matibabu mawili chini ya jina moja, moja limelipa damu kupata ushahidi, jengine limekuja kukaa kwenye kivuli chake.

Sitaki niseme seli za mesenkaima ni upuuzi, si upuuzi. Maabara zinaonekana kweli zinatuliza kinga, na Disemba 2024 Marekani waliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii, kwa watoto waliopandikizwa seli za mtu mwengine kisha zile seli zikawa zinawashambulia na steroidi zimeshindwa. Hiyo ni idhini ya kitu kimoja kwa watu maalum, haihusu mapafu. Upande wa mapafu kuna tafiti ndogo za mwanzo kwa watu wenye makovu ya mapafu yasiyojulikana sababu yake, Australia watu 8 mwaka 2014, Miami watu 9 mwaka 2017, na zote mbili zilikuwa zinauliza suali moja tu la msingi, je zinadhuru? Hazikudhuru vibaya, alhamdulillahi. Lakini kutodhuru na kuponya baina yake kuna bahari, na watu 9 hawawezi kukwambia kuhusu kuponya.

Kuna hoja yao moja nzuri sana, naikubali kwa ujanja wake. Wanasema seli zikiingia kwenye mshipa zinakwenda moja kwa moja mapafuni. Kweli! Zinakwenda. Seli hizi ni kubwa, damu ya mkononi ikirudi kwenye moyo kituo cha kwanza ni mapafu, na mishipa ya kule ni myembamba, basi zinanasa. Zinanasa kwa sababu hazipiti, si kwa sababu zimepajua nyumbani, na nyingi zinakufa ndani ya siku moja mbili. Watafiti wenyewe kwao hii ni shida wanayohangaika nayo, mwenye duka kaigeuza tangazo.

Na usalama wenyewe unategemea nani kashika sindano. Florida, wanawake watatu wazee wenye matatizo ya macho walikwenda kliniki wakatiwa seli za mafuta ya tumbo lao ndani ya macho, yote mawili siku moja, na wakalipa. Kabla walikuwa wanaona, baada yake wakawa vipofu au karibu na vipofu, kesi ikachapishwa 2017. Kinachonitisha zaidi hapo ni kuwa ile kliniki ilikuwa imeandikishwa kwenye tovuti ya serikali ya Marekani ya tafiti za tiba, na watu wanaiona ile wanadhani serikali imeibariki, wakati tovuti yenyewe inasema kuorodheshwa pale si kuidhinishwa. Na utafiti wa kweli kwa kawaida haukulipishi wewe mgonjwa bei ya matibabu yanayojaribiwa, ukiona bei na punguzo ujue umeingia dukani.

Nikamtafuta wakala wao, namba ilikuwa chini ya video. Kijana mstaarabu kabisa, kaanza na salamu ndefu na kumuombea mgonjwa. Nikamuuliza seli mnazitoa wapi, wagonjwa wangapi wa skleroderma mmewapima pumzi kabla na baada, na mtu akipata homa karudi Pemba nani anamshughulikia. Akaniletea sauti, dada yangu imani ni nusu ya tiba. Nikamuuliza tena kwa maandishi. Akaniambia wakienda wagonjwa wawili pamoja kuna punguzo. Bei yenyewe ukiitia kwenye shilingi ni kiwanja Fuoni na tofali zake. Nikamwambia basi nipe japo ushahidi, na hapa ndo nilipocheka peke yangu watu wa maabara wakanitizama, akanitumia ripoti ya SCOT yenyewe, nzima! Ukurasa wa kwanza tu, kwenye ule muhtasari, mionzi na saiklofosfamaidi zimeandikwa. Nikampigia mstari mwekundu nikamrudishia. Tiki zimekuwa za buluu na mpaka leo kimya.

Kuna mmoja kwenye group kasema kwa nini tuhangaike na nje, mbona hapa Tanzania wanapandikiza. Kweli, Muhimbili walianza kupandikiza uloto 2021 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2023 kwa watoto wenye siku seli (selimundu), na ni jambo la kujivunia, nna jirani machozi yalimtoka aliposikia ya siku seli. Lakini hiyo ni kwa maradhi ya damu, na kuhamisha ujuzi huo kwa mgonjwa wa skleroderma ambae moyo na mapafu yake tayari yamechoka ni kazi nyengine, hata Ulaya na Marekani ni vituo vichache vinavyothubutu.

Sasa ule muda nilosema ntaurudia. SCOT waliwachukua watu wa miaka 18 mpaka 69 ambao ugonjwa wao haujazidi miaka mitano, na ambao moyo, figo na mapafu bado vina nguvu ya kuvumilia kufutwa kinga. Mapafu yakishapita kiwango fulani cha ubovu, au presha ya mishipa ya mapafu imepanda, hawakuchukui, kwa sababu watakuua. Yaani upandikizaji wa kweli unamtaka mtu mapema, kabla hajaonekana kuumwa sana, wakati ambapo watu wake bado wanasema ni baridi ya friza. Shangazi ile miaka kaimaliza kwenye kupimwa makohozi. Hata tungekuwa na mashamba kumi ya Mtambwe, mlango ule ulishamfungia kwa hesabu ya miaka tu. Na mwenye dripu kwake mlango haufungwi kamwe, anapokea kila mtu, hatua yoyote, umri wowote, na ukiwa umekata tamaa zaidi ndo mteja mzuri zaidi.

Nilimpigia ami nikamueleza yote haya, si kwa mpangilio huu, kwa kubabaika. Akanisikiliza. Akasema, "Mwanangu, kwa hivo sasa tukae tu tumtizame?"

Si kukaa tu. Shangazi yuko kwenye maikofenoleti, vidonge asubuhi na usiku. Mwaka 2016 ulitoka utafiti ukailinganisha miaka miwili ya hii na mwaka mmoja wa saiklofosfamaidi ya kumeza, kwa mapafu zikawa sawa, na hii watu waliivumilia vizuri zaidi, ndo imekuwa ya kuanzia. Inashusha kinga kwa hivo lazima damu iangaliwe, chembe nyeupe zisianguke, hiyo namtoa mwenyewe na naisoma mwenyewe, mshipa wake unakimbia kweli maana ngozi ya mkono imekaza, tunatumia sindano ya watoto. Kuna dawa nyengine, nintedanibu, iliidhinishwa 2019 kwa mapafu ya skleroderma, inapunguza kasi ya pumzi kushuka karibu nusu, haiponyi, na inaendesha tumbo, na bei yake ndo hiyo ami anayoweza kuitolea fungu akauona umuhimu wake. Chanjo ya nimonia kapata. Jiko la kuni kaliacha, sasa anatumia gesi, hili liligombaniwa zaidi kuliko dawa zote kwa sababu ati wali wa gesi hauna ladha. Na kitanda chake upande wa kichwani kimewekewa tofali chini ya miguu, kwa sababu skleroderma inalegeza koo la chakula, asidi inapanda usiku na matone yanaingia mapafuni yanayaharibu zaidi, tofali mbili hizo hazikutugharimu kitu, zilikuwa uwani.

Na ukiniuliza jipya linalonitoa usingizi kwa furaha, si stemu seli kabisa. Ni Erlangen, Ujerumani, wanachukua seli za kinga za mgonjwa aina ya T, wanazibadilisha maabara zikawinde zile seli B zinazotoa kingamwili mbaya, wanazirudisha. Mwaka 2024 wakatoa ripoti ya wagonjwa 15, wanne wao wa skleroderma, na wote 15 wakaacha dawa za kushusha kinga. Watu 15 tu, mapema sana, na mie sitamwambia ami mpaka iwe kitu cha kumfikia mtu wa Pemba, nisije nikamkuta dalali kule Mtambwe.

Shangazi mwenyewe kwenye group hayumo, ana simu ya kitochi. Nilipokwenda kumtoa damu nikamwambia kuwa watu wanataka kuuza shamba. Akaweka chini kijiko cha juisi. "Nani kawambia mie nataka kwenda huko? Nikapande ndege na kifua hichi, nikafie kwa watu nisojua hata kuwaomba maji?" Kisha akauliza shamba lipi, la Mtambwe? Akasema lile lina mkarafuu aloupanda baba yao na ami akiliuza hatomsemesha mpaka kiyama. Nilimpelekea ami ujumbe huo kama ulivyo. Karafuu za msimu huu zitapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kama kawaida, na fungu moja ni la dawa na la tiketi za boti.

Mara ya mwisho kupima pumzi Dar kulikuwa na mtihani ambao kwenye vitabu vyangu sikuusoma. Ule mrija wa mashine unatakiwa uubane kwa midomo hewa isivuje hata kidogo, na mdomo wa shangazi haufunguki wa kutosha kuutia, akilazimisha pembeni kunachanika. Akapuliza, mashine ikakataa, akapuliza tena, ikakataa, anaanza kuona haya. Mpimaji, mzee mmoja mpole, akafungua droo akatafuta akatoa mdomo wa plastiki wa watoto, mwembamba, akaufunga kwenye mrija. Ikasoma. Haikushuka tangu ile ya kabla. Yule mzee akausafisha akautia kwenye mfuko wa nailoni akampa, akamwambia uwe wako bibi, uje nao. Kipimo kijacho ni baada ya Mfungo Mosi, uko kwenye mkoba wake pamoja na kadi.